Kisa cha paipu za kebo zenye pengo: kupiga picha za mionzi ndani ya ukuta wa bimu ya daraja

Kisa hiki ni cha kweli ila nimeondoa jina la daraja, nchi, mwenye daraja, mkandarasi na kila mtu aliyehusika. Vipimo vichache nimevizungusha kidogo ili kazi isitambulike lakini fizikia yake ni ileile. Nakiandika maana watu wengi wakisikia "kupiga zege eksirei" wanadhani ni kama hospitali, unasimamisha mashine, unabonyeza, ubovu unaonekana. Haiko hivyo, na hapa utaona kwa nini.

Hali ilivyokuwa

Daraja ni la zege lenye bimu ya sanduku, yaani ndani kuna uwazi mtu anaweza kutembea kainama, na kuta za pembeni zina unene wa mm 320. Ndani ya kila ukuta zinapita paipu za bati lenye mikunjo, kipenyo kama mm 70, na ndani ya kila paipu kuna fungu la nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa baada ya zege kukauka. Hizo nyaya ndo zinabeba daraja. Zikishavutwa paipu inajazwa grauti, saruji nyepesi yenye maji, na kazi kubwa ya grauti ni kuzifunika nyaya zisipate hewa na unyevu.

Shida ni kwamba grauti ikipampiwa vibaya maji yanapanda juu, yanakusanyika pale paipu ilipopinda kwenda juu kabisa, karibu na nguzo, halafu yanakauka na kuacha pengo. Kwa nje huoni kitu, zege zima, hakuna ufa, hakuna kutu inayochuruzika. Wasomaji wa uhandisi watakumbuka daraja la Ynys-y-Gwas kule Wales lililoanguka 1985 bila kuonya, nyaya zikiwa zimeliwa na kutu kwenye maungio, na 1992 Uingereza ikasimamisha kwa muda ujenzi wa madaraja mapya ya aina hii ya paipu za grauti. Kwa hiyo mwenye daraja letu alikuwa na haki kabisa ya kukosa usingizi.

Kabla ya mionzi palishafanyika kazi mbili. Rada ilipita juu ya ukuta ikaonyesha paipu ziko wapi na nondo ziko wapi, lakini rada haioni ndani ya paipu ya chuma, wimbi linagonga bati na kurudi. Kisha ikaja njia ya kugonga zege kwa kinyundo kidogo na kusoma mwangwi wake, hiyo inaweza kuhisi pengo ndani ya paipu, na ikatoa sehemu 9 za kutiliwa shaka. Ila ukuta una nondo nyingi na paipu tatu zimepangana, na aliyepima mwenyewe aliandika kwenye ripoti kwamba sehemu kadhaa kati ya hizo 9 hawezi kuziapia.

Swali lililokuwa mezani

Pendekezo la kwanza lilikuwa kutoboa sehemu zote 9 na kuingiza kamera ndogo ya waya. Mhandisi wa mwenye daraja alikataa, na nadhani alikuwa sahihi. Ukitoboa paipu yenye nyaya zilizovutwa unaweza kuikata moja, na hata usipokata umeshafungua njia ya hewa mahali ambapo pengine palikuwa pamefungwa vizuri tangu siku ya kwanza. Ikaamuliwa picha za mionzi zipigwe kwanza ili zichague wapi patobolewe.

Huu uamuzi ndo uti wa mgongo wa kisa chote. Mionzi haikuletwa kutafuta ubovu kwenye daraja zima. Filamu moja ina sm 30 kwa 40, ukisema uifunike bimu nzima kwa filamu utamaliza mwaka. Ililetwa kujibu swali moja dogo kwa sehemu 9 zinazojulikana: je, juu ya nyaya kuna pengo, na kama lipo, nyaya zenyewe zimefunikwa au ziko wazi?

Usiku wa kwanza: iridiamu

Mkandarasi wa mionzi alikuwa na chanzo cha iridiamu-192, yaani kipande kidogo cha metali kinachotoa mionzi chenyewe, kile wanachotumia kila siku kwa viungo vya mabomba ya chuma. Kibali kipo, kamera yake (ndivyo wanavyoliita kasha lenye kinga linalobeba chanzo) mtu mmoja anaibeba kwa mkono, watu wameizoea. Miongozo ya kawaida inasema iridiamu inafaa zege la mm 25 mpaka 250, kobalti-60 mm 125 mpaka 500, na zaidi ya hapo unahitaji mashine kubwa za eksirei. Ukuta wetu mm 320. Hoja yao ilikuwa kwamba wataacha chanzo wazi muda mrefu zaidi, itafidia.

Haikufidia. Kwa iridiamu kila kama mm 45 za zege zinakata mionzi nusu, kwa hiyo mm 320 ni kukata nusu mara saba na kidogo, kinachofika moja kwa moja upande wa pili ni kama sehemu 1 katika 140. Lakini hiyo 1 haiji peke yake, inakuja na mionzi iliyogonga zege ikapinda na kutapakaa kila upande, na hii iliyotapakaa haina habari yoyote ya paipu, inaipaka tu filamu rangi ya kijivu. Ukiongeza muda unaongeza vyote viwili kwa pamoja. Filamu ya kwanza ilikaa saa moja na nusu, ikatoka kijivu tupu yenye vivuli vya nondo za upande wa karibu, paipu unaihisi zaidi ya kuiona. Na nyuma ya filamu hawakuweka bati la risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, kwa hiyo mionzi iliyogonga jukwaa la chuma nyuma ikarudi ikaongeza ukungu mwingine.

Kesho yake pakawa na mabishano. Wengine walitaka wajaribu tena na filamu inayoshika mionzi haraka zaidi. Mhandisi akasema kazi isimame, kwanza itengenezwe sampuli.

Sampuli ya zege

Likamwagwa bonge la zege unene uleule mm 320, ndani paipu mbili za aina ileile na vipande vya nyaya. Moja ikajazwa grauti mpaka juu, nyingine ikaachwa na pengo juu lenye kina cha mm 15, na urefu wa hilo pengo unajulikana. Baada ya hapo wakalipiga picha kwa kobalti-60 kwenye banda lenye kinga la mkandarasi, mbali na daraja.

Kobalti inatoa miale yenye nguvu kubwa zaidi, MeV 1.17 na 1.33 (MeV ni kipimo cha nguvu ya mwale), na kwake unene unaokata nusu ni kama mm 62. Ukuta uleule sasa unapitisha sehemu 1 katika 36 hivi. Picha ikatoka ndani ya dakika 25, na pengo likaonekana kama mstari mweusi uliolala juu ya kivuli cheupe cha nyaya, huhitaji kuambiwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawalizingatii, na kwangu ni kubwa kuliko aina ya chanzo: upande unaopigia. Pengo la grauti ni jembamba kwa kimo ila ni pana. Lile la mm 15 kimo chake ni mm 15 tu, lakini ukilipiga kwa ubavu mionzi inapita kwenye hewa kwa mm 40 mpaka 57, kwa sababu unakata duara la paipu kwa upana wake. Mm 50 za hewa badala ya grauti maana yake mionzi inayofika moja kwa moja inaongezeka kama asilimia 75. Ungelipiga pengo hilohilo kutoka juu kwenda chini, hewa ni mm 10 au 15, ongezeko asilimia 12 mpaka 18, na ukishachanganya na ile iliyotapakaa hakuna jicho litakaloona kitu. Pengo lilelile, chanzo kilekile, jibu tofauti kabisa. Kwenye bimu ya sanduku bahati ni kwamba kupiga kwa ubavu kunawezekana, chanzo kinakaa ndani ya sanduku na filamu inabandikwa nje. Kwenye sakafu ya jengo yenye kebo huna bahati hiyo.

Kupanga kazi ya kobalti

Sasa kobalti si mchezo. Chanzo kilikuwa na TBq 1.1 (terabekereli, kipimo cha ukali wa chanzo). Kikiwa wazi bila kinga yoyote, umbali wa mita 1 kinatoa kama mSv 390 kwa saa (milisivati, kipimo cha mionzi anayopata mtu), na mipaka ya kimataifa kwa mtu wa kawaida ni mSv 1 kwa mwaka mzima, kwa mfanyakazi wa mionzi wastani wa mSv 20 kwa mwaka. Mpaka wa kamba walioutumia ni µSv 7.5 kwa saa (mikrosivati, elfu moja ndo mSv 1), na ukipiga hesabu ya wazi bila zege wala kolimeta (kifuniko kizito kinachoelekeza mionzi upande mmoja) unaenda kama mita 228 kila upande. Kolimeta ya tangsteni na kuta za sanduku zilipunguza sana, ila afisa wa usalama wa mionzi aliweka kamba kwa hesabu kisha akaenda kupima kwa mita ya mionzi kila sehemu chanzo kikiwa nje ya kasha, na pale mita ilipokataa hesabu, kamba ilisogezwa. Gari zilisimamishwa juu ya daraja wakati wa kila pigo, maana sakafu ya juu ni nyembamba kuliko kuta.

Kasha la kobalti lina uzito wa zaidi ya kilo mia, halipiti kwenye tundu la kuingilia bimu. Likawekwa kwenye mlango na chanzo kikasukumwa kwa kebo ndani ya bomba la kuongozea mpaka kwenye kolimeta, mpigaji akiwa mbali anazungusha mkono. Walifanya mazoezi na kebo tupu mchana, pamoja na mazoezi ya chanzo kukwama njiani, nani anafanya nini, nani anapiga simu. Bomba la kuongozea likiwa na kona kali chanzo kinaweza kukataa kurudi na hilo ndilo balaa kubwa la kazi hii, kwa hiyo kona zote zililegezwa na bomba likafungwa lisicheze.

Umbali kutoka chanzo mpaka filamu uliwekwa mm 900. Chanzo chenyewe kina upana wa mm 3 na paipu iko mm 160 kutoka kwenye filamu, kwa hiyo ukungu wa kingo za paipu unatoka kama mm 0.65, kwa kutafuta pengo inatosha na kubaki. Filamu zikapata mabati ya risasi mbele na nyuma na bati nene zaidi nyuma kabisa. Herufi za risasi zikabandikwa ukutani zionekane kwenye picha: namba ya sehemu, juu ni wapi, upande wa nguzo ni upi.

Mtu aliyepita chini

Kwenye usiku wa pili wa kobalti, mlinzi wa upande wa bondeni aliona tochi inakuja kwenye kijia kinachopita chini ya daraja. Kamba zilikuwa zimefungwa barabarani na kwenye miteremko ya pembeni, ila kile kijia hakikuwa kwenye mchoro kabisa. Akatoa taarifa kwa redio, mpigaji akarudisha chanzo palepale, wakathibitisha kwa mita kwamba kimeingia, ndipo wakaenda kuongea na yule mtu. Vipimo vya mahali alipofika vilikuwa kama µSv 20 kwa saa na alikaa dakika zisizozidi mbili, kwa hiyo alipata chini ya µSv 1. Kiafya ni kiasi kidogo mno. Kiusalama haikuchukuliwa kuwa kidogo, pigo lilifutwa, filamu ikatupwa, taarifa ikaandikwa na kupelekwa mamlaka ya mionzi, na kazi haikuendelea usiku ule mpaka walinzi wa ziada wamesimama kwenye kile kijia pande zote mbili.

Filamu zilisema nini

Kati ya sehemu 9, nne zilionyesha pengo wazi juu ya nyaya. Tatu zilionyesha paipu imejaa. Moja ilikuwa ya utata, na moja haikusomeka.

Zile nne zenye pengo zilisomwa kwa makini sana. Pale paipu inapopinda juu karibu na nguzo, nyaya zikivutwa zinalala upande wa chini wa paipu, kwa hiyo pengo linabaki juu yake. Swali ni kama kati ya weusi wa pengo na weupe wa nyaya kuna utepe wa kijivu, yaani grauti imefunika nyaya halafu ndo pengo likaanza. Kwenye tatu utepe ulikuwepo. Kwenye moja haukuwepo, weusi ulikuwa umegusa weupe. Hiyo moja ndo ikapewa kipaumbele cha kwanza.

Ile ya utata ilikuwa na doa jeusi lisilo na umbo, limekaa sawa na kichwa cha paipu kwenye picha. Aliyesoma haraka angeandika pengo. Lakini filamu inabana kila kitu kwenye bapa moja, kama vivuli vya watu wawili waliosimama mbele ya taa moja, huwezi kujua yupi yuko karibu na ukuta mpaka uisogeze taa. Wakasogeza chanzo mm 200 pembeni wakapiga tena. Kitu kilicho katikati ya ukuta, mm 160 kutoka kwenye filamu, kivuli chake kingesogea mm 43, na kweli paipu ilisogea hivyo. Doa lilisogea mm 14 tu. Ukirudisha hesabu, lipo mm 60 hivi kutoka uso wa nje, yaani nje ya paipu kabisa, nyuma ya ringi (nondo nyembamba zinazofunga nondo kubwa). Ilikuwa ni masega, zege ambalo halikutikiswa vizuri likaacha matundu kati ya kokoto. Ubovu ni ubovu, ila tiba yake ni nyingine, na kutoboa mpaka kwenye paipu pale kungekuwa kuharibu kitu kizima.

Ambayo haikusomeka ilikuwa kwenye kichwa cha kebo, yaani pale nyaya zinapofungiwa mwisho wake, mahali ukuta unanenepa kupita mm 500 na ndani kuna nondo za mzunguko zimebanana. Hakuna aliyeilazimisha. Walifungua bomba la zamani la kutolea hewa wakaingiza kamera, wakakuta grauti imefika juu.

Kilichofuata

Zile sehemu nne zilitobolewa kwa uangalifu kwenye kichwa cha paipu, mahali filamu ilionyesha hewa, mbali na nyaya. Kamera ikathibitisha zote nne. Kwenye ile isiyo na utepe nyaya zilikuwa wazi na zina kutu ya juujuu, hakuna iliyokatika wala kupungua unene wa kuonekana. Mapengo yakajazwa grauti mpya kwa kunyonya hewa kwanza. Masega yakachokolewa kutoka nje na kurudishiwa. Dozimita (vipimo vya mionzi wanavyovaa mwilini) za wafanyakazi wote kwa kazi nzima zilisoma chini ya mSv 0.1.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Kilichookoa kazi ni kupunguza eneo kabla ya mionzi kuja. Rada na mwangwi ni njia za bei ndogo na hazimfukuzi mtu barabarani, ziliacha sehemu 9, na kobalti ikafanya kile ambacho hizo haziwezi. Anayeanza na mionzi analipia gharama na hatari kwa maswali ambayo kinyundo kingejibu.

Sampuli nayo ingetakiwa iwe ya kwanza. Usiku wa iridiamu ulipotea kwa sababu watu walichagua chanzo kilichopo badala ya chanzo kinachofaa, na hesabu ya dakika tano ya kukata nusu mara saba ingetosha kuwaonya. Sampuli pia ilimpa msomaji wa filamu kitu cha kulinganisha, anajua pengo la mm 15 linafananaje kwenye ukuta huu, si kwenye kitabu.

Usalama ulikuwa mzuri kwenye vitu vigumu na dhaifu kwenye kitu rahisi. Hesabu, mita, mazoezi ya chanzo kukwama, vyote vilikuwepo. Mchoro wa kamba ulichorwa kama ramani, bapa, wakati chanzo kinatoa mionzi juu na chini pia. Daraja lina watu juu yake na watu chini yake. Afisa alipotembea mchana aliikagua barabara, kijia hakukitembea. Siku hizi timu ile inatembea eneo usiku pia, saa ileile ya kazi, maana njia za watu wa usiku hazifanani na za mchana.

Kuhusu kutu, picha hazikusema lolote na wala hazikudai kusema. Kutu ya juujuu haibadilishi unene wa chuma kiasi cha kuonekana nyuma ya mm 320 za zege. Waya uliokatika na kuachana unaweza kuonekana, ulioliwa kidogo hauonekani. Ripoti iliandika hilo ukurasa wa kwanza, nami naheshimu sana hiyo.

Udhaifu ninaoupa uzito zaidi uko kwenye zile tatu zilizosemwa zimejaa. Mpango wa awali ulikuwa kutoboa zenye pengo tu, kwa hiyo picha ilikuwa inahojiwa pale tu iliposema ndiyo, iliposema hapana iliaminiwa bila kuulizwa. Mhandisi wa mwenye daraja akasisitiza itobolewe walau moja kati ya hizo tatu. Ikatobolewa, na kweli paipu ilikuwa imejaa mpaka juu, filamu haikudanganya. Ila grauti ya juu ilikuwa laini, nyeupenyeupe na yenye unyevu, unaikwangua kwa bisibisi. Uzito wake haupishani sana na grauti nzima, mionzi inapita kwenye zote mbili karibu sawa, kwa hiyo filamu isingeweza kuitofautisha hata kwa chanzo gani. Na grauti ya namna hiyo haizilindi nyaya inavyotakiwa. Sampuli yake ilipelekwa maabara, nyaya za pale zikasafishwa na kukaguliwa, na zile mbili zilizobaki zikaingizwa kwenye orodha ya kutobolewa kabla jukwaa halijashushwa.